Kabla Fundi Hajafungua Paneli

Msimu wa kahawa ukishafunguliwa Karagwe na Kyerwa, kwa kawaida kuanzia Mei, hakuna anayetaka kusikia kwamba mashine imesimama. Kahawa ya maganda imeshakusanywa kwenye vyama vya msingi, malori yamepanga foleni nje ya kiwanda, mnada una tarehe yake, na mkulima aliyekula butura, yaani aliyeuza kahawa yake ikingali mtini, anasubiriwa na mdai wake. Mota ya kinu cha kukoboa ikizima siku kama hiyo, fundi umeme hafuatwi kwa kutembea. Anafika na bisibisi, testa na msafara wa watu nyuma yake, kila mmoja akiwa ameshajua tatizo ni nini. Mlinzi naye ana maoni.

Fundi wa wilaya hizi mbili si mgeni wa umeme. Wengine wamepita VETA, wengine wamejifunza kwa kumshikia tochi fundi mkubwa miaka mingi, na hiyo nayo ni shule. Kinachomuumiza ni mpangilio wa kazi: anafungua paneli kabla hajauliza, anashika kabla hajapima, na anakiruka kifaa cha usalama kwa sababu ndicho kilichosimamisha mashine. Mpangilio huo hauchagui peke yake. Anauchagua pamoja na meneja anayesimama nyuma ya bega lake akiuliza kama bado.

Tuanzie nje ya paneli, maana hitilafu nyingi huanzia huko. Kwa miaka mingi Kagera imetumia umeme unaonunuliwa Uganda, unaokuja kwa njia ya kilovolti 132 kutoka Masaka hadi kituo cha Kyaka wilayani Missenyi, kisha kupanda milima kwa laini ndefu za kilovolti 33 hadi Karagwe na Kyerwa. Mradi wa njia ya kilovolti 220 kutoka Benaco, Ngara, hadi Kyaka, kilomita 166, ulibuniwa ili kuuunganisha mkoa na gridi ya taifa. Na kule Murongo, wilayani Kyerwa, Mto Kagera unazungusha mitambo ya Kikagati–Murongo ya megawati 14, ambayo Uganda na Tanzania zilikubaliana kugawana umeme wake nusu kwa nusu. Kwa hiyo tawi likiangukia laini mbali huko, kinu cha Nkwenda kinaweza kuzima bila kuwa na kosa lolote, na hitilafu ambayo fundi anaitafuta ndani ya boksi la chuma iko ng'ambo ya mpaka. Imevuka bila pasipoti.

Laini ndefu ina tabia zake. Ya kwanza ni umeme kushuka. Nguvu ya mota ya kuzungusha haishuki sawasawa na volti, inashuka kwa mraba wake: volti zikipungua kwa asilimia 20, nguvu iliyobaki ni asilimia 64 tu ya ile ya kawaida. Kinu kilichojaa maganda hakiwezi kuanza kwa nguvu hiyo. Mota inanguruma, inavuta ampea nyingi, inapata joto, kisha ovalodi, kinga yake dhidi ya mkondo mwingi, inakata.

Tabia ya pili ni mbaya zaidi: fezi moja kupotea. Fyuzi moja ya transfoma imekatika, au kiungo kimoja kimelegea nguzoni, na kiwandani zinabaki fezi mbili. Mota iliyosimama haitaanza. Mota iliyokuwa ikizunguka itaendelea kuzunguka, na hapo ndipo mtego ulipo, kwa sababu mwendeshaji haoni mabadiliko makubwa isipokuwa sauti. Fezi mbili zilizobaki zinabeba mkondo wa karibu mara 1.7 ya kawaida, na joto kwenye koili zake linafika karibu mara tatu. Ovalodi ikifanya kazi yake, mashine inazima. Isipofanya, mota inakwenda kwa wasukaji, na kusuka upya mota kubwa ni gharama ambayo hakuna chama cha ushirika kinachoifurahia, achilia mbali siku zinazopotea wakati waya wa shaba unatafutwa.

Basi kipimo cha kwanza ni kuhakikisha fezi zote tatu zimefika kwenye mein swichi, na zimefika kwa volti zinazolingana. Ni kazi ya dakika chache. Kiwanda chenye voltimita mlangoni mwa paneli kinaweza kuifanya bila kufungua hata skrubu moja, ila voltimita hizo nyingi zilikufa zamani na kubaki kama pambo.

Kabla ya hapo kuna jambo lisilohitaji kifaa chochote, nalo ni kumuuliza aliyekuwa akiendesha. Si rahisi kama inavyosikika. Mwendeshaji anaogopa kulaumiwa, kwa hiyo jibu la kwanza huwa moja siku zote: "Imezima tu yenyewe, waitu." Fundi mwenye subira haishii hapo. Anauliza kwa upole: ilizima ikiwa na mzigo au tupu? Ilizima ghafla au ilianza kubadili sauti? Kulikuwa na harufu? Taa za ofisini zilififia? Kuna mtu aliyebonyeza kitufe cha riseti kabla sijafika, na mara ngapi? Swali hilo la mwisho ndilo linalojibiwa kwa ukimya mrefu kuliko yote. Kila riseti inaingiza tena joto kwenye koili ambazo hazijapoa, na pia inamwondolea fundi ushahidi. Ovalodi iliyotripu ingemwambia kitu. Ovalodi iliyorisetiwa mara nyingi haisemi lolote.

Sasa tufungue paneli, angalau kwa macho. Ile ya kawaida kwenye mota kubwa za vinu vyetu ni ya stadelta: kontakta tatu, taima, ovalodi, fyuzi ndogo za saketi ya kuongozea, kitufe cha kijani na chekundu. Kontakta ya mein inafunga, ya nyota inafunga, mota inaanza kwa theluthi moja tu ya mkondo ambao ingeuvuta kama ingeanza moja kwa moja. Baada ya sekunde kadhaa taima inaachia nyota na kufunga delta. Mpango mzima unategemea jambo moja: nyota na delta zisifunge kamwe kwa wakati mmoja. Zikifunga pamoja, hiyo ni shoti ya fezi tatu, uso kwa uso na fundi. Ndiyo maana kuna waya zinazopita kwenye kontakti saidizi za kila moja ili kuizuia nyingine, na kwenye paneli nzuri kuna pia kizuizi cha kimitambo katikati yao.

Halafu anakuja fundi mwenye haraka, anaona kontakta ya delta haifungi, anaisukuma kwa bisibisi. Ni tabia iliyoenea, na ina mantiki yake: kontakta ikisukumwa na mota ikazunguka, tatizo liko kwenye saketi ya kuongozea na si kwenye mota. Anachokisahau ni kwamba kwa kusukuma kwa mkono amezivuka waya zote za kuzuia. Kama nyota imegandana kwa vumbi la maganda, au ncha zake zimeyeyuka zikashikana, bisibisi hiyo ndiyo inayokamilisha shoti. Mwako wa umeme wa namna hiyo una joto la maelfu ya nyuzi, unageuza shaba kuwa mvuke, na unamaliza kazi yake kabla mkono haujapata habari. Jibu lile lile angelipata kwa kupima kama umeme unafika kwenye koili ya kontakta ya delta. Ukifika na kontakta haivuti, koili imeungua au kontakta imekwama. Usipofika, arudi nyuma kwenye saketi.

Kwenye kurudi nyuma kuna ufundi ambao haufundishwi vya kutosha. Saketi ya kuongozea ni foleni: fyuzi, kitufe cha dharura, kontakti ya ovalodi, kitufe cha kuzima, swichi ya kifuniko, kitufe cha kuwasha, kontakti ya kuzuia, koili. Wengi huanza mwanzo na kupima moja baada ya nyingine, au huanza na kile wanachokishuku. Afadhali kuanza katikati. Umeme ukiwepo katikati, nusu ya kwanza ni nzima, hamia nusu ya pili, ugawe tena. Vituo vinane vinakwisha kwa vipimo vitatu. Faida yake kwa usalama inazidi faida ya muda: kila kipimo kwenye saketi hai ni mara moja ya kuingiza mikono ndani ya boksi lenye volti 400, na mara tatu ni chache kuliko nane.

Kuna mtego mmoja wa ovalodi ambao nimeuona ukijirudia kwa mafundi wazuri kabisa. Mota ya kilowati 30 ina kibao kinachosema ampea 55. Fundi anafungua paneli ya stadelta, anakuta ovalodi imewekwa ampea 32, anacheka. "Aliyeweka hii hajui kazi." Anapandisha hadi 55, mashine inaacha kutripu, anashukuriwa. Lakini kwenye paneli nyingi za stadelta ovalodi imefungwa ndani ya delta, ambako kila waya hubeba asilimia 58 tu ya mkondo wa laini. Thelathini na mbili ilikuwa sahihi. Kuanzia siku hiyo mota haina ulinzi wowote wa maana, na ile sababu iliyokuwa ikiitripisha, labda beringi iliyokauka grisi au mkanda uliokazwa kupita kiasi, inaendelea na shughuli zake. Mota itaungua wiki kadhaa baadaye, fundi akiwa mbali na sifa zake zikiwa salama.

Ovalodi, swichi ya kifuniko, kitufe cha dharura, floti ya tangi, hivi ni mashahidi wa kesi. Kuunga jampa juu ya shahidi ili mashine iende ni kumtoa mahakamani kwa sababu ushahidi wake haupendezi. Kwa kupima, kwa muda mfupi, mashine ikiwa tupu na watu wamekaa mbali, jampa ina nafasi yake. Shida ni kwamba jampa ya muda haina tarehe ya kwisha. Waya mfupi mwekundu unaounganishwa Juni "mpaka tupate swichi mpya" unakutwa Oktoba umeshika vumbi, na hakuna anayekumbuka uliwekwa na nani. Mwendeshaji anayeng'ang'ana kutoa gunia lililonasa kwenye elevata anaamini kifuniko kikiwa wazi mashine haiwezi kuwaka. Imani hiyo aliipata kihalali, aliambiwa siku ya kwanza kazini.

Taa nazo huaminiwa kuliko stahili yake. Tarehe 28 Machi 1979, kwenye kinu cha nyuklia cha Three Mile Island huko Pennsylvania, Marekani, vali moja ilipaswa kufunga ikakwama wazi. Taa kwenye chumba cha uongozi ikaonyesha kana kwamba imefunga. Taa haikudanganya: ilikuwa imeunganishwa kuonyesha kwamba amri ya kufunga imetolewa, haikuwa imeunganishwa na vali yenyewe. Zaidi ya saa mbili zikapita kabla mtu hajaiziba njia ile kwa vali nyingine, na sehemu ya kiini cha mtambo ikayeyuka. Watu wa Kagera hawakuwa na nafasi ya kufuatilia habari hizo, walikuwa na vita vyao vilivyoanzia hapa hapa mtoni. Hata hivyo somo linaingia kwenye paneli yoyote ya Kayanga. Taa ya kijani inayowaka mlangoni mara nyingi inasema tu kwamba koili imepewa umeme. Taa ndogo ya pato kwenye PLC, ile kompyuta ndogo inayoongoza mashine, inasema programu imetoa amri. Kama mkanda umekatika, mota inazunguka na elevata imesimama, taa zote zitabaki kijani. Na kinyume chake ndicho kinachoua: taa imezima kwa sababu balbu imeungua, na fundi anaingiza mkono.

Ndiyo maana hakuna njia ya mkato kwenye kuzima na kuhakikisha pamezima. Utaratibu unaokubalika duniani kote ni mfupi: zima, funga kwa kufuli, funguo mfukoni mwako, bandika jina lako, kisha pima. Kupima nako kuna hatua tatu. Pima kwanza mahali unapojua kuna umeme, uone kifaa kinafanya kazi. Pima pale unapotaka kushika, fezi kwa fezi na kila fezi kwa nyutro na ethi. Rudi pale pa kwanza upime tena. Hatua ya tatu inaonekana ya kujisumbua, mpaka ukumbuke kwamba betri ya multimita haina adabu ya kusubiri umalize. Testa ya bisibisi yenye kibalbu haifai kwa kazi hii. Ikizima, hujui kama umeme haupo au kibalbu kimekufa au umevaa raba nzuri sana.

Multimita yenyewe inataka kuangaliwa. Ya bei poa imeandikwa CAT III kama zile za gharama, maandishi hayana bei. Lakini ndani fyuzi yake ni ya kioo, ndogo, isiyokusudiwa kukata shoti ya volti 400. Fundi aliyepima ampea asubuhi akasahau kuhamisha waya kwenye tundu la volti, akigusisha fezi mbili mchana, amezishoti moja kwa moja, na kinacholipuka kipo mkononi mwake.

Karagwe na Kyerwa zina ugumu wa ziada hapa. Viwanda vingi vina chanzo zaidi ya kimoja. Umeme wa TANESCO ukikatika, jenereta inawashwa, na sehemu nyingine kuna sola yenye betri na inveta. Eneo hili lilijifunza sola mapema: shirika la KARADEA la Karagwe lilikuwa likifundisha mafundi sola tangu miaka ya 1990, wakati vijiji vingi bado havijaona nguzo. Uzuri huo una bei yake kwa fundi. Amezima mein ya TANESCO, ameweka hata kufuli, yumo ndani ya paneli. Umeme wa mtaa unakatika. Mlinzi, mtu mwaminifu anayefanya kile alichoagizwa, anakwenda kuvuta swichi ya kubadilisha na kuwasha jenereta. Kufuli la fundi limelinda njia isiyo na umeme. Na kama swichi ya kubadilisha imefungwa vibaya, jenereta inarudisha umeme kwenye laini ya nje, kupitia transfoma, hadi kwa wafanyakazi wa TANESCO waliopanda nguzo wakiamini laini imekufa.

Kufuli moja halitoshi, basi. Zinatakiwa nyingi kama vyanzo vilivyopo, na mlinzi anatakiwa aambiwe kwa mdomo, kwa jina la fundi aliye ndani. Hata baada ya hapo paneli inaweza kuwa na waya mgeni: saketi ya kuunganisha mashine mbili, inayoleta umeme kutoka paneli nyingine ili elevata isianze kabla ya kinu. Mein ya hapa ikizimwa, waya ule unabaki hai. Kiwango cha kimataifa cha IEC 60204 kinapendekeza waya wa namna hiyo uwe wa rangi ya chungwa ili ujulikane. Kwenye paneli zilizoongezwa waya msimu baada ya msimu, rangi ni ile iliyokuwepo dukani.

Inveta za kudhibiti mwendo wa mota nazo zinaingia viwandani kwa kasi. Ndani zina kapasita zinazokaa kwenye volti 560 hivi za mkondo nyoofu, na hazimaliziki umeme unapozimwa. Kibandiko kwenye kifuniko husema subiri dakika kadhaa. Kisomwe.

Kuna hatari isiyo ya umeme kabisa. Gurudumu zito la kinu linaendelea kuzunguka baada ya mota kuzimwa. Ndoo za elevata zilizojaa kahawa upande mmoja zinaweza kurudi nyuma mkanda ukiachiliwa. Hewa iliyobanwa kwenye silinda inasogeza mlango bila kumwomba mtu ruhusa. Na mashine nyingi ndogo za kusaga na kukoboa vijijini zinawashwa kwa swichi ya kuvuta tu, bila kontakta. Tofauti yake ni kubwa. Kontakta inajishikilia kwa umeme wenyewe, umeme ukikatika inaachia na haitafunga tena mpaka mtu abonyeze kitufe cha kijani. Swichi ya kuvuta inabaki ilivyo. Umeme ukirudi, mashine inaamka yenyewe, na kama mwenye mashine alitumia muda wa giza kusafisha chekecheke, ataamka nayo. Kuweka kontakta kwenye mashine hizo ndiyo hatua ya usalama ninayoiona ina faida kubwa kwa fedha ndogo, na ajabu ni kwamba inauzwa kama njia ya kulinda mota.

Msimu ukichanganya kiwanda kinakwenda usiku na mchana, na hapo kuna kupokezana zamu. Tarehe 6 Julai 1988, kwenye jukwaa la mafuta la Piper Alpha katika Bahari ya Kaskazini, pampu moja ilikuwa imezimwa kwa matengenezo na vali yake ya usalama imeondolewa. Hati ya kibali iliyosema hivyo haikumfikia aliyehitaji kuisoma. Pampu ya pili ilipozima usiku, zamu mpya ikaiwasha ya kwanza. Watu 167 walikufa. Kiwanda cha kahawa si jukwaa la mafuta, lakini fundi aliyeacha kazi nusu, saa kumi na mbili jioni, na kwenda kula anaacha kiwanda kwenye hali ile ile: kuna jambo analijua yeye peke yake. Daftari la zamu, la karatasi, lenye kalamu iliyofungwa kwa kamba ili isiibiwe, linatosha.

PLC inaleta jaribu jipya. Kwa kompyuta, fundi anaweza kuilazimisha programu iamini kwamba kifuniko kimefungwa au tangi lina maji. Ni jampa isiyoonekana. Ya waya mwekundu angalau ina rangi, hii inakaa kwenye kumbukumbu ya mashine, na fundi akiondoka na kompyuta yake hakuna jicho litakaloiona. Aliyelazimisha aandike mlangoni kwa kalamu nene, na aondoe kabla hajapokea malipo. Na kamwe asiwashe kitu kwa kompyuta akiwa mahali ambapo haoni mashine. Kwa wanaodhani haya ni mambo ya Ulaya: vipande kwenye ubao wa PLC vinashikwa na lehemu, lehemu inahitaji bati, na bati linachimbwa Kyerwa. Tumekuwemo ndani ya paneli muda mrefu.

Ukitafuta sababu, usitosheke na ya kwanza inayochekesha. Tarehe 7 Juni 2016 tumbili alipanda paa la kituo cha umeme cha Gitaru nchini Kenya, akaangukia transfoma, ikatripu. Mashine nyingine kituoni zikazidiwa na mzigo, zaidi ya megawati 180 zikapotea, na nchi nzima ikawa gizani kwa saa kadhaa. Tumbili alipona. Dunia ikacheka, na picha yake ikasambaa. Transfoma iliyokata ilifanya kazi yake. Swali la fundi lilikuwa jingine, yaani kwa nini kukata kwa kifaa kimoja kukaangusha vyote, na hilo halikuwa na picha. Kwetu wapo mijusi ndani ya kontakta na panya kwenye mifereji ya waya. Kumtoa mjusi ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni kuziba tundu alilopitia, na kujiuliza kwa nini fyuzi ya saketi ndogo haikukata kabla mein ya kiwanda kizima haijakata.

Sheria ipo. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtwika mwajiri wajibu wa kuweka mazingira salama, EWURA hutoa leseni za mafundi umeme kwa madaraja, na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi upo kwa ajili ya aliyeumia. OSHA hukagua, ila ofisi yake ya Kanda ya Ziwa iko Mwanza, na kati ya Mwanza na Murongo kuna barabara nyingi. Mkaguzi hawezi kuwepo siku mota inazima. Atakayekuwepo ni meneja.

Kwa hiyo ombi langu ni kwa bodi za ushirika na wenye viwanda binafsi, sasa, kabla ya Mei. Nunueni kufuli za kutosha kila chanzo cha umeme na moja ya akiba. Mdaini aliyewauzia mashine michoro ya paneli, maana nyingi zimekuja bila michoro au zikiwa na maandishi ya Kichina ambayo hakuna aliyeyasoma, na nakala moja ikae ndani ya mlango wa paneli yenyewe. Jaribuni kila kitufe cha dharura mashine ikizunguka, na msifungue msimu na kimoja kisichofanya kazi. Kisha mwandike kwenye kumbukumbu za kikao, kwa saini ya mwenyekiti, kwamba fundi akisema mashine isiwashwe haiwashwi, hata kama malori yamefika Omurushaka.